Mzigo Usio na Mpagazi

Gazeti mnalolishika mikononi ni kitu chepesi. Mtoto wa darasa la kwanza aweza kulibeba kichwani pamoja na madaftari yake, asisikie uzito wowote. Lakini mimi tangu utoto sikupata kuliona gazeti kuwa jepesi, nami nitawaelezeni kwa nini.

Baba yangu alikuwa mpagazi bandarini, huku kwetu kando ya Ziwa Tanganyika. Meli zilipofika kutoka ng'ambo, yeye na wenzake walishusha saruji, chumvi, mafuta, na mara kwa mara karatasi za kuchapia. Watu hudhani ya kuwa saruji ndiyo mzigo mbaya kupita yote. Baba alikataa. Alisema mfuko wa saruji huukubali mgongo, hulala juu yake kama mtoto aliyeshiba. Bali robota la karatasi lina pembe, halikunjiki, na likipata maji kidogo huteleza kama samaki. Mwaka 2003, wakati wa mvua, marobota mawili yalimponyoka mwenzake aliyesimama juu ya ubao, yakamwangukia baba nyongani. Hakufa. Alilala miezi minne, na tangu siku hiyo hutembea kwa fimbo. Wakubwa wa kazi walimlipa mshahara wa mwezi ule, wakamwambia pole, wakaandika mtu mwingine mahali pake.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Jambo moja lilinisumbua akili tangu siku zile, na hata leo lanisumbua: karatasi ile iliyomvunja baba ndiyo iliyokuwa ikinilipia shule. Kila robota lilikuwa na bei yake, na kwa bei hiyo nilinunuliwa kalamu. Hata nilipopokelewa seminari kwa msaada wa watu wema, kila nilipopewa kitabu kipya, mkono wangu ulikipima uzito kabla macho hayajasoma jina lake. Seminari sikuifikisha mwisho. Nilitoka, nikaoa, na sasa ni katekista. Desturi ile ya kupima vitabu imebaki.

Haya, mwaka 2019 nilipelekwa Ubelgiji kwa miezi michache, kujifunza mambo ya katekesi. Kule anakaa yaya wangu, mtoto wa baba mkubwa, aliyeondoka nyumbani nikiwa bado mdogo. Yeye alikuwa akifanya kazi ya usiku katika kiwanda cha kuchapa magazeti ya kila siku, upande wa Flandria. Jumapili moja tulikuwa tukila ugali kwake (aliusonga mwenyewe, na unga wa kule, nawaambieni kweli, haufai) akaniuliza:

"Mwalimu, wataka kuona namna karatasi inavyobebwa huku?"

"Karatasi nimekwisha kuiona, yaya," nikamjibu. "Baba anayo nyongani."

Hakucheka. Akasema, "Ndiyo sababu nakuuliza."

Aliniombea ruhusa kwa kapita wake, na Alhamisi saa tatu ya usiku nikaingia naye. Nilivikwa koti la manjano na viatu vyenye chuma mbele, nikaonyeshwa mistari iliyopakwa rangi sakafuni. Ndani ya mistari ni njia ya watu. Nje yake si mahali pangu. Yaya alinishika mkono kama mtoto anayevushwa barabara.

Kwanza niseme juu ya karatasi yenyewe, maana mimi nilikuwa nikitazamia marobota. Magazeti makubwa hayachapwi kwa karatasi zilizokatwa moja moja kama vitabu vyetu vya misioni. Karatasi huja imeviringishwa kama mkeka, na kila mviringo huitwa bobini. Ile niliyosimama karibu nayo ilikuwa na kimo cha mita moja na robo, ikaja mpaka kifuani pangu. Upana wake mita moja na nusu na zaidi kidogo. Uzito wake kilo 1,300. Yaya akaniambia nikisie urefu wake kama ingefunguliwa. Nikasema labda kilomita moja. Kumbe ni karibu kilomita 18! Ni sawa na kutoka parokia yetu mpaka kigango cha mbali ninakokwenda kwa baiskeli, na barabara yote ingetandikwa karatasi. Na mtambo ukikimbia kwa nguvu zake zote, kilomita hizo 18 humalizika kwa muda wa nusu saa, au pungufu.

Fikirini basi. Mitambo kadhaa inachapa pamoja, na kila mtambo unakula bobini kadhaa kwa mara moja, kwa sababu gazeti la kurasa nyingi hutoka katika tepe nyingi za karatasi zinazokutana juu na kukunjwa pamoja. Yote hayo hufanyika kati ya saa tano ya usiku na saa nane au tisa, kwa kuwa gazeti ni kama maziwa, halingojei. Mchana hakuna njaa ya karatasi. Usiku ni njaa kubwa ya ghafula. Nikaelewa kwa nini watu walianza kutafuta njia nyingine ya kubeba. Mabega ya watu hayawezi kulala mchana kutwa, kisha yakaamka kwa saa nne na kusukuma tani mia.

Mchana makamioni huleta bobini kutoka viwanda vya karatasi. (Karatasi nyingi ya magazeti ya Ulaya hutengenezwa kwa magazeti makuukuu yaliyolowekwa na kuoshwa wino, habari za mwaka jana zinarudi tumboni na kuzaliwa tena.) Gari lenye mikono miwili ya chuma huikumbatia bobini na kuishusha. Bobini haipigwi ndoana, haitupwi, haiviringishwi ovyo sakafuni, na sababu yake si huruma. Ukingo wake ukipata jeraha dogo kama ukucha, usiku karatasi itakatika pale pale, mtambo utasimama, watu wataingia ndani kuvuta vipande, na makamioni yatachelewa. Ikibanwa kwa nguvu mno inakuwa yai badala ya duara, nayo itarukaruka inapozunguka. Ikipata unyevu upande mmoja, inalegea upande huo. Niliposikia hayo nilifikiri: karatasi hii yabebwa kwa uangalifu kuliko walivyobebwa wagonjwa wa kwetu. Sikusema kwa sauti.

Kila bobini ina kikaratasi chenye mistari midogo myeusi. Mashini huisoma mistari hiyo kwa mwanga, na kompyuta hupata kujua bobini imetoka kiwanda gani, ina upana gani, uzito gani, na imefika siku gani. Toka hapo hakuna mtu anayeiamuru iende wapi. Inapelekwa katika depo, na depo hiyo ndiyo iliyonishangaza kuliko mtambo wa kuchapa wenyewe.

Ni nyumba ndefu yenye rafu za chuma mpaka darini, mita 20 hivi kwenda juu, na kati ya rafu ni uchochoro mwembamba. Katika uchochoro inakwenda kreni juu ya reli, inapanda na kushuka na kutembea kwa wakati mmoja, inaingiza ulimi wake chini ya bobini, inaitoa, inaondoka. Nilichungulia kwa dirisha la kioo. Mlikuwa giza. Nikamwuliza yaya kama umeme umekatika. Alicheka sana, akasema, "Mwalimu, taa ni za watu. Humo hakuna mtu." Kreni ilikuwa ikifanya kazi gizani, kwa hesabu tu. Mchana, kama haina kazi nyingine, huzipanga upya bobini zitakazotakiwa usiku, ikizisogeza karibu na mlango, kwa sababu kompyuta imekwisha kuambiwa gazeti la kesho litakuwa na kurasa ngapi na nakala ngapi. Na zile zilizofika kwanza hutolewa kwanza, zisije zikazeekea rafuni.

Nilisimama pale dirishani muda mrefu. Nilikuwa namtafuta baba. Najua ni upuzi, lakini nilikuwa nikitazama kila mahali ambapo angesimama yeye, na mwenzake juu ya ubao, na karani mwenye kalamu sikioni, na mama wa kuuza maandazi mlangoni. Hapakuwa na hata mmoja.

Yaya mwenyewe kazi yake ilikuwa mahali bobini zinapovuliwa nguo. Bobini husafiri imefungwa karatasi ngumu ya kahawia, nayo haiondolewi mpaka karibu na saa ya kazi, ili isipate hewa mbaya. Katika viwanda vingine mashini huichana. Kwao ilichanwa kwa kisu cha mkono, na waliokuwa wakichana ni wawili, yaya na Mturuki mmoja mtu mzima. Ikisha kuvuliwa, yaya alipitisha kiganja chake ukingoni, kuzunguka polepole, macho yakitazama pengine. Kidonda kidogo alikisikia kwa ngozi, akachana tabaka chache za juu mpaka kikaisha. Kisha akaukata mwanzo wa karatasi kwa mfano maalumu na kuubandika gundi, nami nitasema sasa hivi gundi hiyo ni ya nini.

Tokea hapo bobini inachukuliwa na kigari. Kigari ni kipana, kifupi, hakina kiti wala usukani wala dereva. Juu yake kuna kichwa kidogo kinachozunguka na kutupa mwanga wa leza. Mwanga unapiga vioo vidogo vilivyobandikwa katika nguzo na kurudi, nacho kwa kupima pembe kinajua mahali kilipo, kama wavuvi wetu wanavyojua mahali pao ziwani kwa kutazama vilima viwili. Kinakwenda mwendo wa mtu anayetembea. Kikikuta mtu mbele yake, kinasimama. Betri ikipungua, kinajipeleka chenyewe kwenye umeme, kama mbuzi aijuaye njia ya kisimani. Nilimwona yaya akipita mbele ya kimoja kilichobeba kilo 1,300, bila kukitazama, na kigari kikasimama kumpisha. Mwili wangu wote ulisisimka. Bandarini kwetu mzigo haukumpisha mtu.

Sasa gundi. Mtambo hausimami bobini inapokwisha. Bobini mpya huwekwa kando ya ile kuukuu, ikazungushwa mpaka mbio zao zikawa sawa, kisha kwa nukta moja karatasi ya zamani inasukumwa juu ya ile mpya, gundi inashika, kisu kinakata mkia wa zamani, na mtambo unaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Karatasi wakati huo inakwenda mbio za mita 10 au 12 kwa nukta moja! Nilijaribu kuona inavyofanyika, sikuona. Nilisikia tu mlio kama kofi. Kama mkono wa yaya haukubandika vizuri, ndipo inapokatika.

Upande wa pili magazeti yanatoka yamekwisha kukunjwa, na kila moja linashikwa na kibanio chake katika mnyororo mrefu unaopita juu ya vichwa vya watu, kama samaki waliotungwa kwenye kamba. Yanapita juu, yanatiwa karatasi za matangazo ndani yake, yanahesabiwa, yanafungwa mafungu mafungu kwa ukanda wa plastiki, na kila fungu lina jina la njia yake. Kisha kamioni. Hapo tena niliwaona watu, madereva, wanakunywa kahawa na kugombana kwa Kiflamanki. Nilifurahi kusikia ugomvi.

Katikati ya usiku kilitokea kisa kidogo. Kigari kimoja kilisimama njiani na kuwasha taa nyekundu. Nyuma yake kikasimama cha pili, na cha tatu. Katika chumba cha vioo kapita akaanza kubonyeza vidude vyake. Fundi wa kompyuta akaja akikimbia. Mtambo mmoja ulikuwa umebakiwa na karatasi ya dakika kumi. Yaya aliweka kisu chini, akaenda pale, akainama, akaokota kipande cha karatasi ya kahawia, si kikubwa kuliko kiganja, kilichoinuka mbele ya jicho la kigari. Akakitia mfukoni. Kigari kikaondoka. Hakuna aliyesema asante, nami nafikiri hakuna aliyeona kwamba ni jambo la kushukuriwa.

Nilihesabu watu kutoka mlango wa makamioni mpaka miguuni pa mitambo: watano. Yaya aliniambia kwamba alipoanza kazi ya uchapaji, katika kiwanda kingine cha zamani katikati ya mji, kazi hiyo hiyo ilikuwa na watu zaidi ya 30, na bobini zilisukumwa kwa mikono juu ya vireli vidogo. Mmoja alipoteza vidole vitatu. "Huku tangu nije," alisema, "hakuna aliyepoteza hata ukucha."

Niliporudi shuleni nilianza kusoma habari hizi, maana sikuweza kulala. Mawazo ya kumwondolea mtu mzigo si ya jana. Gari la kwanza la namna hii, lisilo na dereva, lilifanywa Marekani katika miaka ya 1950. Lilifuata waya uliofichwa sakafuni, na mwaka 1954 lilianza kuvuta mizigo katika depo moja ya South Carolina. Depo ya rafu ndefu yenye kreni ilijengwa mwaka 1962 mjini Gütersloh, Ujerumani, kwa ajili ya nyumba ya vitabu ya Bertelsmann, nayo husemwa kuwa ya kwanza ya aina yake. Tazameni, ni vitabu vilivyoanza! Leza na kompyuta zilifuata baadaye.

Lakini kisa kilichonikamata ni cha zamani zaidi, cha London. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Novemba 1814, wachapaji wa gazeti la The Times, waliokuwa wakivuta mashini kwa nguvu za mikono, waliambiwa wangojee, kuna habari za ng'ambo zinakuja. Kumbe katika nyumba ya jirani mtambo wa mvuke, uliobuniwa na Mjerumani Friedrich Koenig, ulikuwa ukichapa gazeti lote kwa siri. Kwa mikono watu walitoa karatasi kama 250 kwa saa. Mtambo ule ulitoa 1,100. Kulipopambazuka mwenye gazeti, John Walter, aliingia na gazeti mkononi, akawaambia limekwisha kuchapwa kwa mvuke. Wakifanya fujo, nguvu ya kuwazuia iko tayari. Wakikaa kwa amani, mishahara yao itaendelea mpaka wapate kazi ya namna hiyo mahali pengine.

Sisemi kwamba alikuwa mtakatifu. Aliwadanganya usiku kucha. Lakini kabla jua halijapanda alikuwa amekwisha kutamka neno la mshahara.

Gazeti hilo hilo, miaka 170 na zaidi baadaye, lilikuwa mikononi mwa kampuni nyingine pamoja na magazeti mengine matatu. Tarehe 24 Januari 1986 wafanyakazi wake waligoma, wakafukuzwa, watu zaidi ya 5,000, na magazeti yakaanza kuchapwa katika kiwanda kipya kilichotayarishwa kimya kimya mtaa wa Wapping. Ugomvi wa barabarani uliendelea mpaka Februari 1987. Ni kweli ugomvi ule ulihusu hasa kupanga herufi kwa kompyuta, si kubeba karatasi. Tena wenye kampuni walikuwa na madai yao juu ya vyama vya wafanyakazi, na baadhi ya madai hayo hayakuwa ya uongo. Hata hivyo mtu aliyefukuzwa hulala na njaa ile ile. Wapping nayo haikudumu. Mwaka 2008 kampuni ilihamia Broxbourne, kaskazini ya London, kwenye mitambo 12, na mmoja tu waweza kutoa nakala 86,000 kwa saa. Na mwaka huo huo wa 2008, ng'ambo ya bahari, gazeti la New York Times lilifunga kiwanda chake cha Edison, New Jersey, kilichofunguliwa mwaka 1992. Miaka 16 tu! Kwetu mwembe wa miaka 16 ndio kwanza umezoea kuzaa.

Seminarini tulisomeshwa barua ya Papa Yohane Paulo wa Pili ya mwaka 1981 juu ya kazi ya binadamu. Anasema humo kwamba mashini ni rafiki wa mtu, yamrahisishia na kumwongezea; lakini pengine yaweza kugeuka kuwa kama adui, ikiwa yamwondoa mtu mahali pake na kumnyima kazi aliyokuwa nayo. Niliufanyia mtihani ukurasa ule na kupata alama nzuri. Nilidhani nimeufahamu. Nilipokuwa dirishani pa depo ile yenye giza ndipo nilipoona kwamba rafiki na adui waweza kuwa kitu kimoja, usiku mmoja, kigari kimoja. Kingalikuwako bandarini kwetu mwaka 2003, baba angalikuwa anatembea vizuri. Na kingalikuwako miaka mitano kabla ya hapo, mimi nisingalijua kusoma.

Alfajiri ile, tukingoja basi, nilimwuliza yaya kama anaogopa. Alifikiri, akanionyesha kwa kidole jengo tulilotoka.

"Uliona zile rafu?"

"Niliziona."

"Uliona zimejaa?"

Sikuwa nimetazama hivyo. Giza lilinificha. Akaniambia nusu ya nafasi ni tupu. Walipojenga depo, watu walikuwa wakinunua magazeti kila nyumba. Siku hizi wanasoma katika simu. "Mimi siogopi kigari, Mwalimu. Kigari ni mwenzangu, amenipumzisha mgongo. Naogopa siku ambayo hata kigari hakitakuwa na cha kubeba." Basi likafika, tukapanda, akalala usingizi palepale akiwa amekaa, kile kipande cha karatasi ya kahawia kikichungulia mfukoni.

Niliporudi nyumbani nilimweleza baba yote. Alikuwa ameketi chini ya mwembe, fimbo kati ya magoti. Kwa bobini ya kilo 1,300 alipiga mluzi. Habari ya kreni gizani hakuipenda. Kigari kinachosimama kumpisha mtu aliniambia nikirudie, nikarudia, na tena mara ya tatu, kama mtoto anayeomba hadithi ile ile. Halafu akauliza, "Na wale 30, walikwenda wapi?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia wengine walizeeka, wengine walipata kazi nyingine, wengine sijui. Akasema, "Ungeuliza." Na kweli, niliuliza kilo, niliuliza mita, niliuliza mwendo wa karatasi. Watu sikuwauliza.

Miaka minne baadaye, 2023, yaya alituma habari kwamba mitambo miwili ya kwao imezimwa na kazi yake imekwisha. Walimpa fedha za kuagwa, si haba. Baada ya miezi kadhaa alipata mahali katika depo kubwa ya vifurushi ambavyo watu huvinunua kwa simu, viatu, dawa, vyombo. Rafu ni zile zile, kreni ni ile ile, na vigari ni jamaa ya vile vya kwanza. Lakini ni kazi ya muda. Barua yake ya mkataba huandikwa upya kila baada ya majuma machache. Kule haokoti karatasi, maana wana kigari kingine cha kufagia.

Juzi alipiga simu, baba akataka kusema naye. Nilimshikia simu sikioni.

"Mwanangu, mgongo?"

"Mzima, baba mdogo."

"Nyonga?"

"Nzima kabisa."

"Na kazi?"

Hapo simu ikanyamaza. Nilidhani fedha za simu zimekwisha, nikaitazama; zilikuwamo. Baba alingoja tu, fimbo mkononi, simu sikioni, wala hakumharakisha.